Mstari Mmoja

Jioni ya siku ya kwanza makundi matatu yalipata alama 22 kati ya 40. Nilipofungua majibu yao nikakuta yote matatu yamekosa sampuli zilezile. Niliwasimamisha mbele ya wenzao nikauliza nani kamwangalizia nani. Kimya. Nikawapa maneno makali, nikawaambia kwamba anayeiba jibu leo darasani ataiba matokeo kesho maabara, kisha nikawaruhusu wakale.

Naanza na jioni hiyo kwa sababu kila nilichohitaji kukijua kilikuwa mbele yangu saa ile. Watu kumi na watano, waliokaa pembe tatu za ukumbi, kila kundi na programu zake, walikuwa wamefika kwenye majibu yaleyale. Mtu aliyetulia angejiuliza kama wamekosea wao au amekosea aliyewasahihisha. Mimi sikujiuliza. Mwongozo wa kusahihishia niliutengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na haikuwahi kunipitia akilini kwamba mwongozo nao ni data, na unaweza kuharibika kama data nyingine yoyote.

Lilikuwa shindano la siku tatu, makundi sita ya watu watano watano, katika chuo kimoja cha pwani ambacho sikitaji kwa kuwa kosa halikuwa lake. Tulilipanga kufunga kozi ya miezi miwili ya bioinfomatiki, yaani kazi ya kusoma kwa kompyuta herufi za DNA zilizotoka maabara. Aliyewahi kufundisha somo hili huku kwetu analijua tatizo lake. Nusu ya darasa wametoka maabara: wanaijua damu, wanaijua hadubini, lakini lile dirisha jeusi la kuandikia amri linawatisha. Nusu nyingine wametoka kwenye kompyuta: vidole vinakimbia, ila ukiwauliza kimelea cha malaria kina kromosomu ngapi wanabaki kukutazama. Mhadhara hauwaunganishi watu hawa. Wanaitikia kwa vichwa, wanajaza madaftari, na siku ya kufanya kazi wenyewe mikono inaganda. Shindano la makundi huwakalisha meza moja, kila mmoja akimhitaji mwenzake, na saa ikiwakimbiza wote. Niliamini hivyo, na bado naamini.

Kazi yenyewe niliichagua kwa moyo wote. Dawa mseto za malaria tunazotumia Afrika Mashariki zimejengwa juu ya artemisinini. Kimelea cha Plasmodium falciparum kina jeni iitwayo kelch13, katika kromosomu ya 13 kati ya 14 kilizojaliwa, na baadhi ya mabadiliko ndani ya jeni hiyo hukifanya kichelewe kufa kikikutana na dawa. Moja ya mabadiliko hayo huitwa R561H: katika nafasi ya 561 ya protini, asidi amino ya arjinini imeondoka na histidini imekaa mahali pake. Ni herufi moja tu ya DNA, G iliyokuwa A, katika jenomu ya herufi milioni 23 hivi. Mwaka 2020 watafiti walichapisha kwamba R561H imezuka Rwanda kwenyewe, haikuletwa kutoka Asia. Baadaye ikaonekana Kagera. Kwa hiyo sikuwa nawapa wanafunzi fumbo la kupitishia wakati. Nilikuwa nawapa kazi ambayo mmoja wao angeweza kuifanya kweli mwaka unaofuata, huku watu wa afya wakilisubiri jibu lake ili wajue kama dawa bado inatibu.

Tuliandaa sampuli 40 za mazoezi, tukapandikiza badiliko hilo katika 12. Kila kundi lilipewa mafaili kwenye flashi, maana intaneti ya ukumbi ule haikuweza kubeba watu thelathini kwa pamoja. Walitakiwa wasafishe vipande vya DNA, wavipange juu ya jenomu ya rejea, walitafute badiliko, kisha walete orodha: sampuli hii inalo, hii haina. Humo mna mitego ya kweli. Kelch13 iko kwenye uzi unaosomwa kinyumenyume, kwa hiyo G iliyogeuka A katika jeni utaiona kwenye ramani ya jenomu kama C iliyogeuka T. Asiyelijua hilo atatafuta kutwa nzima asione kitu. Halafu kuna kuhesabu. Mafaili ya BED huanza kuhesabu na 0, ya VCF huanza na 1, na lugha ya Python huanza na 0, hivyo anayeiomba asidi amino ya 561 bila kufikiri hupewa ya 562, akaondoka akiamini kwamba vimelea vyote ni salama. Mitego hiyo niliiacha makusudi, nikakaa kusubiri nani atanaswa.

Ukutani, kwa projekta, niliweka ubao wa alama. Kundi likileta orodha, programu yangu inailinganisha na mwongozo, na papo hapo alama inapanda ukutani kando ya jina la kundi. Hapakuwa na kikomo cha kuleta. Niliona kikomo ni ukatili: mwanafunzi na akosee, aone, arekebishe, ndivyo anavyojifunza. Zawadi nayo ilikuwa nzito. Kundi la kwanza lingelipiwa nauli na ada ya mafunzo ya wiki mbili Nairobi.

Katika moja ya makundi yale matatu alikuwamo binti mmoja, mtaalamu wa maabara kutoka Kagera. Kwa miaka kadhaa alikuwa akisoma slaidi za malaria kwa hadubini. Bioinfomatiki aliionja kwanza kwenye kozi ya H3ABioNet, mtandao wa bioinfomatiki wa Afrika, ile iliyoanza 2016, ambayo mihadhara ilikuja kwa video na wanafunzi wa kila kituo walikaa darasani kwao pamoja na wasaidizi wa hapohapo. Kwenye kibodi alikuwa mzito. Katika kundi lake kibodi ilishikwa na kijana mmoja mwepesi mno, na kama ilivyokuwa katika makundi yote sita, wanne waliobaki wakageuka watazamaji wa kioo cha mwenzao. Hili nililiona saa nne asubuhi ya siku ya kwanza na sikuligusa. Nilidhani ndio ushirikiano.

Binti akafanya jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya. Alifungua laptopu yake chakavu, akawasha programu ya IGV inayomwezesha mtu kuiona jenomu kwa macho, akaanza kuzipitia sampuli moja baada ya nyingine kama anavyopitia slaidi. Anasogea hadi mahali penyewe. Anahesabu vipande vinavyopita hapo, vingapi vina C, vingapi vina T, anaandika kwa kalamu kwenye karatasi ya mistari. Sampuli ya 5: vipande 63, T 61. Sampuli ya 6: vipande 58, T hakuna. Hivyo hivyo mpaka ya 40. Ilimchukua jioni nzima, wenzake wakiwa wamelala.

Siku ya pili asubuhi alinijia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mmeamkaje huko?"

"Salama. Mwalimu, naomba uiangalie sampuli ya 5. Tukiiandika kwamba haina badiliko alama inapanda. Lakini badiliko limo, nimeliona mwenyewe."

"Ubao unafuata mwongozo," nilimjibu. "Rudini mkakague mlivyochuja data."

"Vipande 61 kati ya 63, mwalimu."

"Dada, rudi kwenye kundi lako. Saa inakwenda."

Alisema ahsante, akaondoka na karatasi yake.

Siku hiyo ya pili ndiyo inayoniuma zaidi hadi leo. Yale makundi mawili mengine ya 22 yalirudi mezani yakiwa na aibu ya kuitwa wezi. Wakapandisha vichujio, wakashusha, wakazitoa sampuli ambazo macho yao yalikuwa yamezikubali, kwa sababu kila walipousogelea ukweli alama ilishuka, na kila walipouacha ilipanda. 24. 27. 29. Mimi nikipita mezani nikiwapiga mabegani kwa furaha, nikiwaambia, "Naona sasa mnaelewa." Nilikuwa nawafundisha vijana wangu kuitilia shaka data na kuuamini ubao.

Katika kundi la yule binti, kijana wa kibodi alitaka nao washike njia hiyo. Wakabishana hadi usiku wa manane. Mmoja wao alinisimulia baadaye kwamba binti aliiweka karatasi yake katikati ya meza akasema, "Kama ni kushindwa, tushindwe na tulichokiona." Wakaiacha 22 yao ilivyo. Wakawa wa mwisho.

Kundi lililoshinda lilipata 40 kati ya 40 siku ya tatu, kabla ya adhuhuri. Makofi yakarindima, picha zikapigwa, nikawakabidhi barua za Nairobi kwa mkono wangu. Mbinu yao niliijua baadaye. Walileta kwanza orodha tupu, iliyoandikwa "haina" kuanzia sampuli ya kwanza hadi ya mwisho. Wakapata 28. Tazama hapo: orodha ambayo hakuna aliyeitolea jasho iliwapita kwa alama sita watu waliofanya kazi kwa uaminifu, na bado sikushtuka. Kisha wakageuza sampuli ya kwanza peke yake, wakaleta tena. Alama ikipanda, inalo, ikishuka, haina. Wakaenda ya pili, ya tatu, ya nne. Ukileta mara 41 hakuna siri inayobaki. Mmoja wao aliandika kiprogramu cha kuleta orodha chenyewe, wenzake wakaenda kunywa chai. Jenomu hawakuifungua.

Yule binti alipanda basi la alfajiri kurudi kwao. Karatasi aliiacha mezani kwangu bila neno, na mimi nikaitia kwenye droo.

Wiki tatu zilipita. Mhasibu alikuwa akinidai risiti za chakula cha shindano, nikaipekua droo, nikaikuta karatasi ile. Sijui kwa nini niliisoma siku ile. Niliutoa mwongozo wangu nikauweka kando yake. Kwake sampuli ya 5 inalo. Kwangu haina, ila ya 4 inalo. Kwake ya 9 inalo. Kwangu ya 8. Nikachukua rula, nikaiweka chini ya mstari wa kwanza wa karatasi yake, kisha nikaushusha mwongozo wangu mstari mmoja. Safu yote ikakaa sawasawa, kutoka juu hadi chini.

Nikafungua mafaili. Faili la majina ya sampuli lilikuwa na kichwa, neno moja tu juu ya safu: "sampuli". Faili la majibu halikuwa nacho. Nilipoyaunganisha mstari kwa mstari, kichwa kikachukua jibu la sampuli ya kwanza, sampuli ya kwanza ikachukua la ya pili, ya pili la ya tatu, hadi ya 40 ikabaki bila jibu, na programu yangu ikaijazia "haina". Majibu 18 yakawa ya uongo. Karatasi ya binti haikuwa na kosa hata moja. Makundi yale matatu hayakuangaliziana. Yalikosa sampuli zilezile kwa sababu yote matatu yalikuwa sahihi. Na kundi pekee lililopata zote 40 ndilo lililouiga uongo wangu kikamilifu, bila kubakiza hata mmoja.

Mtu asilidharau kosa la mstari mmoja. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha katika jarida la Nature Medicine njia ya kutabiri, kwa kuzisoma jeni za uvimbe wa saratani, ni dawa ipi itakayomfaa mgonjwa yupi. Habari njema kama hiyo ilipokelewa kwa mikono miwili. Keith Baggerly na Kevin Coombes, wanatakwimu wa kituo cha saratani cha MD Anderson huko Houston, walijaribu kuzirudia hesabu zile, hazikutoka. Wakachimba kwa miaka. Miongoni mwa waliyoyafukua ni orodha za jeni zilizohama mstari mmoja, kwa hiyo jeni zilizotajwa zilikuwa jirani za zile zilizokusudiwa, na kwingineko lebo za wanaosikia dawa na wasiosikia zilikuwa zimebadilishana nafasi. Uchunguzi wao ulichapishwa 2009. Wakati huo majaribio ya tiba yalikuwa yameshaanza kwa wagonjwa hai. Yalikomeshwa 2010, na makala ile ya Nature Medicine ikafutwa 2011.

Wale walikuwa na wagonjwa mikononi. Mimi nilikuwa na wanafunzi thelathini, nikajiona sina la kuogopa.

Nilimpigia simu yule binti siku ileile niliyoikuta karatasi yake. Nilimweleza habari ya kichwa cha safu, habari ya rula, nikamwomba radhi kwa vile nilivyomfukuza mezani kwangu. Alinyamaza kidogo.

"Nashukuru kwa kunijulisha, mwalimu," alisema. "Lakini mimi nilisharudi kwenye hadubini yangu. Nilishakubali kwamba mambo ya kompyuta si yangu."

Maneno hayo sijayasahau. Mtu aliyekuwa sahihi mara 40 kati ya 40 alikuwa ameaminishwa, na ubao wangu na kinywa changu, kwamba hawezi. Na si yeye peke yake. Niliwaandikia barua wote thelathini, nikaeleza kilichotokea bila kuficha, nikawataka radhi wale kumi na watano niliowaita wezi. Nusu yao hawakujibu. Sijui wangapi kati yao waliliacha somo hili wakiwa na ile 22 kichwani kama kipimo chao.

Nahodha wa washindi alikuja ofisini mwenyewe. Hakujitetea sana. "Mwalimu, kanuni hazikukataza," alisema. "Tulidhani ndio mchezo wenyewe." Alikuwa anasema kweli, kanuni niliziandika mimi. Alinieleza pia kwamba huko Nairobi, siku ya kwanza walipopewa vipande vya DNA wavipange juu ya jenomu, wanne kati yao watano hawakujua pa kuanzia. Nafasi tano zilizotafutwa kwa jasho na barua nyingi zilikuwa zimekwenda kwa vijana ambao shindano langu liliwafunza jambo moja: kuuhoji ubao mpaka utoe siri zake. Ni vijana wenye akili. Wangeweza kufunzwa jenomu kwa siku tatu zilezile.

Wapo walioyafikiria haya miaka mingi kabla yangu, nami nilikuwa nayafundisha majina yao bila kuwasikiliza. Mwaka 1994 John Moult wa Chuo Kikuu cha Maryland na wenzake walianzisha shindano liitwalo CASP, ambalo hufanyika kila baada ya miaka miwili. Makundi hupewa mfuatano wa asidi amino za protini, wakatabiri umbo lake. Kiini chake ni hiki: umbo hilo limegunduliwa maabara au linakaribia kugunduliwa, ila halijachapishwa popote. Mshindani hawezi kuliangalizia kwa kuwa halipo mahali pa kuangalizia. Wanaosahihisha ni watu wengine kabisa, nao hupewa kazi zikiwa na namba badala ya majina ya makundi. Mwaka 2020 programu ya AlphaFold 2 ya kampuni ya DeepMind ilipata wastani wa kati wa alama 92.4 kwa 100, na wanabiolojia wakaikubali kwa haraka ambayo si kawaida yao, kwa kuwa waliijua mizani iliyoipima. Mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper wa DeepMind walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia pamoja na David Baker. Kama DeepMind wangejitungia mtihani na kujisahihisha wenyewe, sidhani kama tungesikia habari hiyo. Gustavo Stolovitzky na wenzake, wa mashindano mengine ya aina hii yaitwayo DREAM, walikwisha kuandika 2011 juu ya mtego wa mtafiti anayeipima mbinu aliyoibuni mwenyewe.

Lakini CASP hupima mbinu, haifunzi watu. Kwao haidhuru ni nani ndani ya kundi aliyefanya kazi, mradi utabiri umetoka. Katika mafunzo hilo ndilo kubwa kuliko yote. Kundi langu linaweza kutoa jibu sahihi kwa njia sahihi, na bado wanne kati ya watano wakaenda nyumbani kama walivyokuja. Hapa ndipo naona waandaaji wengi tunakosea: tunaiga umbo la shindano la watafiti, ubao na zawadi na makofi, tukasahau kwamba waliokaa mbele yetu wamekuja kujifunza.

Mwaka uliofuata tulifanya tena. Ubao wa ukutani tuliuondoa. Kila kundi lililetwa kwenye meza ya hukumu mara moja tu kwa siku, jioni, na lilipewa maoni juu ya nusu ya sampuli. Nusu ya pili hakuna aliyeigusa hadi mwisho. Kila nusu saa kengele ililia na kibodi ikahama mkono. Tuliweka daftari la pingamizi mlangoni: anayeona mwongozo umekosea aandike sampuli gani, ameona nini, vipande vingapi, na pingamizi la kweli lilipewa alama nyingi kuliko jibu sahihi. Na kabla ya siku ya kwanza tulipima orodha tupu itapata ngapi, ili tujue sakafu iko wapi.

Ila kilichougeuza ukumbi ni kura. Siku ya tatu jina moja la kila kundi lilichaguliwa kwa kura ya bahati nasibu, na mwenye jina akasimama mbele ya wote na sampuli ambayo hajawahi kuiona, akaifanyia kazi tangu mwanzo, akieleza kila hatua. Alama yake ndiyo ilikuwa alama ya kundi. Tangu walipoisikia kanuni hiyo, vijana wepesi wa vidole waliacha kukumbatia laptopu. Uliwasikia wakisema, "Hapana, andika wewe, mimi nitakwambia." Uliwasikia wataalamu wa maabara wakiwaeleza wenzao kwa nini damu ya mgonjwa mmoja huweza kubeba aina mbili za vimelea, na kwa nini hapo herufi mbili hujitokeza mahali pamoja. Mambo yalikwenda polepole. Makundi mawili kati ya sita hayakumaliza sampuli zote. Mmoja wa waliotuchangia fedha alilalamika kwamba shindano lisilo na ubao halivutii kulitazama, na ni kweli, halivutii. Lakini mama mmoja wa makamo, ambaye siku ya kwanza aliniuliza namna ya kufungua faili, aliangukiwa na kura siku ya tatu, akasimama mbele ya ukumbi akalipata badiliko kwa dakika ishirini na mbili.

Yule binti wa Kagera nilikuwa nimemwandikia tena miezi kadhaa kabla. Sikumwomba aje kushindana. Nilimwomba atengeneze mwongozo wa pili, peke yake, kwa data ileile, bila kuuona wa kwangu. Alikaa mwezi mzima bila kujibu. Kisha akajibu kwamba atakuja katika likizo yake, na akaja, na laptopu ileile.

Usiku wa kuamkia shindano tuliiweka miongozo miwili sambamba juu ya meza na rula kati yake. Sampuli zilikuwa 60. Tulitofautiana katika mbili. Moja nilikosea mimi, moja alikosea yeye. Tukazifungua zote mbili, tukazitazama kipande kwa kipande, tukarekebisha, na saa mbili asubuhi milango ya ukumbi ikafunguliwa.